Si Kila Bomba ni Mtutu

Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukindu mkavu wa kusukia mikeka. Hauna meno wala sumu. Methali hii haimcheki aliyeumwa. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na kushtuka kwake ni tabia ya kila mwanadamu. Lakini methali haikusema kwamba mtu huyo, baada ya kushtuka, huuchoma mkeka, humfunga kamba msusi, na kumshtaki kwa kosa la kufuga nyoka. Yanayotokea baada ya mshtuko ndiyo nakusudia kuyasema leo.

Sina ugomvi na sheria. Sina ugomvi pia na askari anayekesha barabarani katika baridi ya Mlima Kenya ili sisi tupate kulala. Ugomvi wangu ni na ujinga unapovikwa kofia ya Serikali. Nashika neno hili na sitaliacha: askari asiyekifahamu chombo hana haki ya kukihukumu kwa sura yake. Imempasa aulize, na akishindwa kulielewa jibu, imempasa amwite mtu anayeelewa. Akikamata kwanza na kuuliza baadaye, hawi mlinzi wa usalama, huwa mlinzi wa hofu yake mwenyewe.

Twende Mukurweini. Tuseme yuko kijana wa kidato cha tatu ambaye wazazi wake hulima kahawa katika miteremko ile. Kila msimu amewaona wakihangaika mvua ya ghafula inaponyesha juu ya kahawa iliyoanikwa vitandani. Kijana amejifunza shuleni habari za mkondo wa umeme, akapata wazo. Amechukua nyaya mbili, akaziweka mbalimbali juu ya kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi kisha kikakaushwa. Kitambaa kikiwa kikavu, umeme haupiti. Tone la mvua likianguka, chumvi hulowa, umeme hupita, na kengele hulia nyumbani. Betri ameitoa katika redio mbovu, kengele ameitoa katika saa kuukuu, na nguzo ya kusimamishia mtambo ni kipande cha bomba la maji chenye urefu wa mkono. Mwalimu ameusifu. Siku ya maonyesho ya sayansi imefika, kijana ametia vyombo vyake katika mfuko, akapanda matatu kwenda mjini Nyeri.

Njiani kuna kizuizi cha polisi. Mfuko unafunguliwa, na askari anaona nini? Anaona bomba. Anaona betri. Anaona nyaya. Anaona saa. Kila kitu peke yake kingepatikana katika duka lolote la sokoni, lakini vikiwa pamoja vinamfanya askari arudi nyuma hatua mbili na kushika bunduki yake. Kijana anasema, "Afande, hii ni kengele ya mvua." Je, nani amewahi kusikia habari za kengele ya mvua? Jibu la kweli linasikika kama uongo kwa sababu ni jipya. Basi kijana anashushwa, anasukumwa, anapelekwa kituoni, na abiria wenzake wanaondoka na habari ambayo itafika Mukurweini kabla ya jua kutua: mtoto wa fulani amekamatwa na bomu.

Utasema, msomaji, kwamba kisa hiki nimekibuni. Kweli, nimekibuni kiwe mfano. Lakini kina ndugu wa damu katika mambo yaliyotokea. Tarehe 14 Septemba 2015, katika mji wa Irving, jimbo la Texas, Marekani, kijana mwenye umri wa miaka 14 aitwaye Ahmed Mohamed, ambaye wazazi wake wametoka Sudan, alikwenda shule na saa aliyoiunga nyumbani ndani ya kisanduku cha kalamu. Mwalimu mmoja akaiona kama bomu. Polisi wakaitwa, kijana akatiwa pingu na kuondolewa shuleni. Hapana bomu lililopatikana, wala hapana mashtaka yaliyofunguliwa. Rais Barack Obama mwenyewe alimwalika kijana huyo Ikulu aende na saa yake.

Sasa zingatia jambo moja katika habari hiyo. Polisi wenyewe walieleza kwamba kijana alishikilia muda wote kuwa chombo kile ni saa, ila hakutoa maelezo mapana zaidi. Maelezo gani mapana zaidi hutakiwa kwa saa? Mtu akiulizwa, "Hiki ni nini?" akajibu, "Ni saa," nayo ikawa ni saa, amekwisha kujibu. Aliyebaki na deni la maelezo ni muulizaji. Na haya yalitukia katika nchi yenye mitambo mingi kuliko yetu, ambako askari wamesoma na wana maabara za kila namna. Basi tusijidanganye kwamba ujinga huu ni ugonjwa wa maskini peke yao. Ni ugonjwa wa kila mwenye mamlaka anayeona haya kusema, "Sijui."

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Kaskazini ya Nyeri, karibu na mji wa Nanyuki, iko hifadhi ya Ol Pejeta, ambayo hulinda vifaru dhidi ya majangili. Hifadhi hiyo ilikuwa na mpango wa kutumia ndege ndogo zisizo na rubani, zile ziitwazo droni, ziwe macho ya askari wa wanyama usiku na mchana. Mwaka 2014 Serikali ilizuia matumizi ya droni za watu binafsi kwa sababu za usalama, na mpango ule ukasimama. Kanuni za kuziruhusu kwa leseni zilipata nguvu mwaka 2020. Kati ya marufuku na kanuni ilipita miaka sita, na katika miaka hiyo jangili hakuomba leseni ya mtu yeyote. Sikatai kwamba droni yaweza kutumiwa kwa uovu. Hata panga laweza. Lakini hatukupiga marufuku panga miaka sita tukingoja kutunga kanuni za kukata majani ya ng'ombe.

Hofu hii ina mizizi, na mizizi yake imo katika udongo uo huo wa Nyeri. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na vita vya Mau Mau vikaenea katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Wapiganaji walikuwa na bunduki chache za kiwandani. Nyingine walizitengeneza wenyewe, na zingali zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, hata Uingereza: mabomba ya maji yaliyogeuzwa mitutu, makomeo ya milango, mipira ya magurudumu, na mbao za msituni. Zilikuwa silaha za shida. Mara nyingine zilimdhuru aliyezishika kuliko aliyelengwa. Mmoja wa viongozi wa vita hivyo alikuwa Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, mzaliwa wa Kaheti katika Mukurweini, ambaye alijifunza vita akiwa askari wa Mwingereza huko Burma. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo mjini Nyeri, kisha adhabu yake ikabadilishwa.

Katika miaka hiyo sheria ya hatari ilifanya kupatikana na bunduki au risasi bila ruhusa kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa mjini Nyeri, na shtaka lenyewe lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na walio wengi katika hao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walihukumiwa kwa kupatikana na silaha au risasi, kwa kushirikiana na wapiganaji, kwa kulisha kiapo. Risasi moja mfukoni iliweza kumtoa mtu roho. Katika hali kama hiyo raia alijifunza kutetemeka mbele ya kila kipande cha chuma, na askari alijifunza kwamba kipande cha chuma kinatosha kuwa ushahidi.

Katika historia hii watu huchota mafunzo mawili. La kwanza husema: jihadharini na watu wa milima hii, maana mikono yao ni myepesi, na leo bomba, kesho bunduki. Fundisho hilo ni la uongo. Bomba halikuanzisha vita vya Mau Mau. Vilianzishwa na ardhi iliyochukuliwa, na kipande kilichotundikwa shingoni, na haki iliyonyimwa kwa miaka mingi. Mwingereza angeyang'oa mabomba yote ya maji kutoka Nyeri hadi Nairobi, asingalimaliza ugomvi ule hata siku moja. Silaha haizaliwi na ufundi. Huzaliwa na dhuluma, au tamaa, au chuki, nayo hutumia ufundi wowote inaoukuta. Fundisho la pili, ambalo ndilo la kweli, ni kwamba sheria inayotazama kitu bila kumtazama mtu, wala nia yake, hugeuka kuwa upanga mikononi mwa kipofu.

Kabla ya ukoloni Wakikuyu walikuwa na mfua chuma wao, waliyemwita muturi. Aliyeyusha mchanga mweusi wenye chuma, akafua mikuki na sime, na kutoka tanuri lile lile akatoa kengele za ng'ombe na mapambo ya wanawake. Jamii ilijua vema kwamba mkono wake waweza kutengeneza chombo cha kuua, lakini haikumvunjia tanuri. Ilimheshimu, hata ikaogopa laana yake. Ilikuwa ikimjua yeye, na kazi yake, na wateja wake. Usalama wao ulijengwa juu ya kujuana. Usalama wetu tumeujenga juu ya kushukiana, kisha twashangaa kwamba hautoshi.

Na mbegu ya muturi haijafa. Jirani na Mukurweini, katika Murang'a, John Magiro alianza na dainamo ya baiskeli, akaendelea mpaka akawapelekea majirani zake umeme uliotokana na maji ya mto. Mjini Nyeri, Gabriel Nderitu alijulikana kwa kuunda ndege katika ua wa nyumba yake. Mitambo ya namna hii huenda ikafaulu au isifaulu. Huo ndio mwendo wa ufundi. Lakini hebu tazama dainamo, nyaya, mabomba na injini zilizotapakaa katika ua, kwa macho ya mtu mwenye hofu asiyejua kitu. Ataona nini?

Tazameni sasa sheria yetu yenyewe inasema nini, maana wako watu wanaoitaja sheria bila kuisoma. Sheria ya silaha ya Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka 1954 katika Hali ya Hatari hiyo hiyo na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, katika maana yake ya msingi huiita silaha kuwa ni chombo chenye mtutu na chenye kuweza kudhuru maisha, ambacho chaweza kutoa risasi au kombora, au kugeuzwa kiweze kutoa. Neno lenye uzito hapo ni kuweza. Kuweza hakuonekani kwa macho ya barabarani. Huthibitishwa na mtaalamu anayekipima chombo na kuieleza mahakama alichokiona. Kisha iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 49 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe upesi sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiangukia nje ya saa za kazi za mahakama. Kifungu cha 50 chamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Kifungu cha 244 chawataka polisi wafundishwe hadi kiwango cha juu cha ustadi na uadilifu. Na kifungu cha 11, ambacho wachache hukikumbuka, chaiamuru Dola itambue nafasi ya sayansi na ufundi wa kienyeji katika maendeleo ya taifa. Katiba haikusema itambue ufundi ulioingizwa kwa meli peke yake.

Sasa nasikia sauti ya mpinzani, nayo yastahili kusikizwa. Atasema: "Ewe mwandishi, wewe umekaa mezani na kalamu. Tangu Septemba 2013, watu 67 walipouawa Westgate mjini Nairobi, na Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, askari hawezi kuchezea mfuko wenye nyaya. Tena bunduki za kujitengenezea zipo, na wanyang'anyi huzitumia. Askari akikosea kwa kumwachia mwovu, watu watakufa. Akikosea kwa kumkamata mwema, ataombwa radhi. Kosa lipi jepesi?"

Namjibu mpinzani hivi. Kwanza, waliofanya mauaji ya Westgate na Garissa hawakubeba kazi za maonyesho ya shule. Walibeba bunduki zilizotoka kiwandani. Pili, sikusema askari asiusimamishe mfuko ule. Ausimamishe! Awaondoe abiria, achukue hadhari, amwite mtaalamu, na ampigie simu mwalimu wa shule ambayo jina lake limeshonwa kwenye sweta ya kijana. Hadhari ni jambo moja, na hukumu ni jambo jingine. Tatu, si kweli kwamba mwema aliyekamatwa huombwa radhi yakaisha. Huwekwa rumande pamoja na wahalifu; mzazi huuza mbuzi apate dhamana; jina lake huchafuka kijijini; na chombo chake, kazi ya miezi mingi, hurudishwa kimevunjika, au hakirudi kabisa. Lililo baya kupita hayo ni kwamba wenzake darasani wameona. Wamejifunza kwamba njia iliyo salama ni kutobuni kitu. Na nne, askari anayeshughulika na mtu asiye na hatia, saa hiyo hiyo amempa mgongo aliye na hatia. Ujinga haumlindi mtu yeyote.

Basi yafanywe nini? Katika vyuo vya polisi, kuruta afundishwe misingi ya umeme na mitambo, walau ajue tofauti ya betri na baruti. Kila kaunti iwe na mtu wa kuitwa haraka, awe wa polisi au mwalimu wa chuo cha ufundi, ambaye ataweza kusema kwa yakini: hiki ni redio, hiki ni pampu, hiki kweli ni silaha. Askari wa kituo azuru karakana za mafundi katika eneo lake, anywe nao chai, aone wanachotengeneza, kama wazee walivyojua njia ya kwenda kwa muturi. Fundi mwema anayemjua askari ndiye atakayekuwa wa kwanza kumnong'oneza kwamba mgeni mmoja alikuja jana kuagiza kitu ambacho yeye alikataa kukitengeneza. Taarifa ya namna hiyo haipatikani kwa kupiga mateke milango ya karakana.

Nanyi wanafunzi, msifurahi mkadhani kwamba lawama zote nimewabebesha watu wazima. Ubunifu una adabu yake. Mwenye kuunda mtambo na auandike katika daftari tangu siku ya kwanza, amweleze mwalimu, na auchukuapo safarini achukue barua ya shule. Asiufiche, maana kilichofichwa huzaa shaka hata kikiwa chema. Wala asitengeneze kwa mzaha kitu chenye sura ya bunduki au bomu ili awatishe wenzake. Mzaha huo huwaponza wote wanaobuni kwa nia njema, na siku nyingine humtoa mtu uhai. Mnaodai mwaminiwe, jengeni uaminifu kwa matendo ya wazi.

Lakini mkikutana na hofu njiani, msiikubali ikawa ndiyo kweli. Jibuni kwa adabu, jibuni kwa ukamilifu, na kama mtapelekwa mbele, nendeni mkijua haki zenu, maana zimeandikwa. Wengine wenu mtakuwa maaskari. Siku moja mtasimama usiku penye kizuizi, tochi mkononi, na mfuko utafunguliwa mbele yenu: bomba, betri, nyaya na saa. Kijana atakuambia ni kengele ya mvua. Siku hiyo ukumbuke insha hii, uinamishe tochi isimpige machoni, umwombe akuonyeshe namna inavyolia. Wazazi wake wangali Mukurweini, kahawa yao imeanikwa vitandani, na mawingu yanakusanyika juu ya mlima.